Sura ya Saba: Gobori la Babu

Mwenge ni mtaa ambamo kusini imehamia mjini. Ukishuka kituoni ukaingia Kijiji cha Vinyago, utawakuta Wamakonde wakichonga mpingo uliotoka Kilwa na Lindi, na lugha inayosikika kati ya patasi na nyundo si ya Pwani ya Dar es Salaam. Familia hizo, pamoja na za Wamwera, Wangindo na Wamakua waliotawanyika Kinondoni na Temeke, bado zina nyumba ya babu Masasi, Liwale au Nachingwea. Na katika baadhi ya nyumba hizo, juu ya boriti ambapo moshi wa jikoni umepita miaka yote, kuna bunduki ndefu ya kushindiliwa kupitia mdomoni.

Kikao cha mirathi ndicho kinachoishusha. Arobaini imepita, mikorosho imehesabiwa, shamba la bondeni limepata mtu. Kisha mjomba anaingia ndani na kutoka na kitu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu. "Hili ni gobori la babu yenu. Alituwindia kitoweo kwa hili. Nani atalichukua?" Wazee wanatazamana. Mjukuu aliyetoka Mwenge, ambaye hadithi za uwindaji za babu alizisikia kila likizo, ananyoosha mkono.

Sura hii ni ya mjukuu huyo. Anataka kuwinda kama babu, kwa chombo cha babu, na ni tamaa njema. Lakini kuna jambo babu alilijua ambalo halikuingia kwenye kikao. Gobori hutoa risasi moja, halafu linanyamaza kwa muda mrefu. Kwa hiyo kazi yote ya mwindaji wa gobori hufanyika kabla ya mlio. Anayelirithi naye ana kazi nyingi za kufanya kabla ya mlio wake wa kwanza, na nyingi kati yake zinafanyika mbali na pori.

Lilivyofika kwa babu

Magobori yalikuja kwa meli. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Kifungu kimoja kilihusu bunduki, baruti na risasi: kisiwani Unguja vitu hivyo vingeuzwa kwa serikali yake tu, lakini katika bandari zake nyingine zote viliuzwa bila kizuizi. Hivyo mlango wa Mrima, yaani pwani ya bara, ukabaki wazi. Bunduki zilipanda bara kupitia Kilwa na Bagamoyo, pembe za ndovu zikateremka. Mtemi Mirambo alijenga himaya yake Unyamwezi kwa wapiganaji wake, rugaruga, waliobeba bunduki hizo. Wawindaji wa Kimakua walifuata ndovu mbali sana na kwao, na sifa zao zikafika huko kabla yao. Kufikia 1888, Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka.

Kisha wakubwa wa Ulaya wakapanga nani abebe nini. Mkataba uliosainiwa Brussels tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa, zile zinazopakiwa kwa nyuma, zisiingizwe katika ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Uliacha upenyo mmoja: bunduki za gumegume zenye mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida. Askari wa kikoloni akashika bunduki ya kisasa, mwenyeji akaachiwa ile ya kushindilia. Ukijiuliza kwa nini babu yako aliwinda kwa chombo ambacho Ulaya ilikwisha kukitupa, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye karatasi hiyo. Babu hakuwa nyuma ya wakati. Alirudishwa nyuma kwa sheria.

Tofauti hiyo ililipiwa kwa damu. Wakazi wa Mwenge hupita kila siku mbele ya kambi ya Lugalo. Jina hilo ni la mahali kule Iringa ambapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, walivivamia vikosi vya Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Ushindi wa namna ile ulikuwa nadra. Miaka 14 baadaye, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Majimaji vikaanza. Mikuki, mishale na magobori vilikabili bombomu, yaani bunduki za rashasha, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1907 makumi ya maelfu ya watu wa kusini walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Waliobaki walirudi kulima. Chini ya Waingereza, gobori lenye leseni likawa chombo cha mkulima: lililinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, na likaleta kitoweo. Huko ndiko babu alikojifunza. Alijifunza kwa baba yake, akibeba mfuko wa baruti nyuma yake kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika kitako.

Lakini mrithi wa leo analipokea gobori likiwa na sifa nyingine. Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji nchi nzima, na ikaufungua tena 1978. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai dhidi ya ujangili, kisha Operesheni Tokomeza mwaka 2013, ambayo ilisitishwa baada ya malalamiko ya raia kuumizwa. Katikati ya hayo, tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Ndiyo maana gobori likitajwa leo kwenye taarifa ya habari, mara nyingi limewekwa mezani mbele ya watuhumiwa, pembeni ya meno ya tembo. Askari atakayekukuta nalo hatamwona babu yako. Ataiona meza ile.

Chukulia limejaa

Kabla ya kuliuliza gobori lilitoka wapi, liulize kama lina kitu ndani. Bunduki ya kushindilia huchukua muda kupakiwa, kwa hiyo mkulima aliyesubiri nguruwe usiku aliliacha limejaa, na asubuhi alilirudisha juu ya boriti vilevile. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi upesi. Gobori lililojazwa miaka mingi iliyopita linaweza kuua leo.

Wakati kanga inafunguliwa, mdomo wa mtutu uelekee mahali pasipo na mtu, na watoto watoke nje. Usivute nyundo ya mtambo kuona kama bado inafanya kazi. Usilipashe moto, usiligonge, usilipeleke kwa mchomeleaji. Usichungulie mdomoni.

Fundi anayejua hulipima hivi. Kwanza anatazama kichuchu kilicho karibu na kitako, pale inapovikwa fataki, kuhakikisha kwamba hakina kitu. Kisha anachukua mdeki, ule ufito wa kushindilia unaokaa chini ya mtutu, na kuuteremsha polepole ndani hadi usimame, uso wake ukiwa pembeni. Anaweka alama kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Anautoa, anaulaza kwa nje sambamba na mtutu, alama ikiwa mdomoni. Kama ncha ya pili inafika kwenye kichuchu, mtutu ni mtupu. Kama inaishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, nafasi hiyo imejaa baruti, kitambaa na risasi, zikisubiri cheche.

Likiwa limejaa, usijaribu kulipakua mwenyewe. Hiyo ni kazi ya polisi na mafundi wao.

Leseni hairithiwi

Mikorosho inarithiwa, nyumba inarithiwa. Leseni ya silaha hufa na mwenyewe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anayemiliki silaha ni mtu aliyepimwa na kuruhusiwa yeye mwenyewe, kwa silaha ile yenye namba ile. Kikao cha wajomba hakiwezi kumpa mtu ruhusa hiyo, hata kama ukoo mzima umekubali.

Kwa hiyo mkono ulionyooshwa usilichukue gobori usiku huo. Na lisiingizwe kamwe kwenye kiroba chini ya viti vya basi la Lindi, lije lishushwe Mbagala Rangi Tatu likiwa katikati ya mihogo na korosho. Likikamatwa njiani, hadithi ya babu haitakusaidia. Liache lilipo, limefungiwa ndani, kisha msimamizi wa mirathi pamoja na mwenyekiti wa kijiji waende kituo cha polisi cha hukohuko kutoa taarifa. Polisi ndio watakaolihamisha na kulihifadhi.

Kama familia yenu mirathi inaishughulikia Dar es Salaam, mnakijua Kituo Jumuishi cha Mahakama kule Temeke, kinachoshughulikia mirathi na mambo ya familia. Gobori liandikwe kwenye orodha ya mali za marehemu kama vitu vingine. Lisifichwe kwa kuona aibu, wala kwa hofu kwamba litachukuliwa. Silaha iliyoandikwa ina njia ya kufika kwako. Iliyofichwa haina.

Kama babu alikuwa na leseni, tafuteni kijitabu chake. Mara nyingi kimewekwa pamoja na kadi za chama na risiti za kodi. Mrithi ataomba leseni yake mwenyewe, akianzia serikali ya mtaa anakoishi, kupitia kamati za usalama, hadi kwa msajili wa silaha polisi. Ataulizwa tabia yake, ataulizwa silaha itahifadhiwa wapi, na atatakiwa kuthibitisha kwamba amefunzwa kuitumia. Yule anayeishi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko ajibu swali la kuhifadhi kwa ukweli: silaha haikai chini ya godoro mahali ambapo watoto wa wapangaji wanne wanacheza.

Kama babu hakuwa na leseni, bado kuna mlango. Mara kwa mara serikali hutangaza kipindi cha msamaha ambapo anayesalimisha silaha kwa hiari hashitakiwi. Kilitangazwa mwaka 2022, kikatangazwa tena 2023, na magobori yalikuwa kati ya silaha zilizopokelewa. Familia inayosalimisha gobori katika kipindi hicho inapoteza chuma, lakini hakuna kijana wake anayekwenda gerezani kwa sababu ya chuma hicho.

Chuma kina cheti chake

Likishakuwa salama mikononi mwa anayehusika, mwombe fundi mwenye leseni alisome. Magobori yapo ya aina mbili, na tofauti yake ni uhai wa anayelifyatua.

Aina ya kwanza ilitoka viwandani Ulaya. Miji ya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, ilitengeneza bunduki nyingi sana za bei nafuu kwa soko la Afrika. Bunduki ya Liège iliyopimwa ina muhuri wa herufi ELG ndani ya umbo la yai, kwa kawaida upande wa nyuma wa mtutu. Baadhi ya zile za Kiingereza zina taji na neno Tower kwenye bamba la mtambo. Mihuri ya upimaji ilikuwa na maana: mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi kiwandani, ukafyatuliwa, na haukupasuka. Lakini kipimo hicho kilifanyika zamani sana. Kutu imekula ndani tangu hapo, na muhuri haukuahidi chochote kuhusu leo.

Aina ya pili ilifuliwa vijijini. Wafua vyuma wetu ni mafundi wa kweli. Waliona bunduki ya mzungu wakaitengeneza upya kwa bomba la maji au chuma cha gari. Hata hivyo, bomba la maji lilitengenezwa libebe maji. Halikukusudiwa kubanwa na moto wa baruti, na likipasuka hupasukia karibu na jicho na mkono wa kushoto wa mpigaji. Gobori la bomba lisifyatuliwe tena, hata kama babu alilifyatua maisha yake yote.

Baruti nayo ina sheria yake, na ina tabia yake. Gobori lilizaliwa na baruti nyeusi, ya shura, makaa na kiberiti. Baruti ya risasi za kisasa ina nguvu nyingine kabisa, na ya migodini ni ya kupasulia miamba. Yoyote kati ya hizo ikiingizwa kwenye mtutu wa babu itauvunja. Anayekuuzia baruti uchochoroni hajui alichokuuzia, na wewe utakuwa umevunja sheria kabla ya kufika porini.

Hatua hamsini

Sasa tuchukulie kwamba hatua zote zimepitiwa: chuma ni kizima, leseni ni yako, fundi ameridhika. Bado huna ruhusa ya kuwinda. Leseni ya silaha na leseni ya uwindaji ni vitu viwili. Ya pili iko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na anayeisimamia katika mapori mengi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), yenye makao yake makuu Morogoro. Uwindaji una msimu, unaoanza Julai pori likiwa limekauka, una maeneo yaliyotengwa, na una mnyama aliyetajwa kwa jina kwenye karatasi yako. Kanuni pia hupanga silaha kulingana na mnyama. Nyati na wakubwa wenzake wanahitaji bunduki kubwa za kisasa. Waombe TAWA wakuambie kwa maandishi kama silaha yako inakubalika, na kwa mnyama yupi. Jibu likiwa hapana, pokea hapana. Kukutwa na nyama ya porini isiyo na karatasi kumewapeleka watu wengi gerezani kwa miaka 20.

Kwa anayeruhusiwa, somo la kwanza ni umbali. Mtutu laini hauishiki risasi vizuri. Ukipita hatua 50 hivi, risasi inaenda inakotaka. Ukijaza marisawa kwa ajili ya kanga au kwale, hesabu nusu yake. Kwa hiyo swali la mwindaji wa gobori si "Naweza kupiga kutoka hapa?" Swali lake ni "Nitafikaje karibu?"

Kufika karibu ndiko kulikokuwa elimu ya babu. Alianza na upepo. Alichukua majivu kidogo kwenye kitambaa, akakung'uta, akatazama yanakoelekea. Kama yanaelekea kwa mnyama, alizunguka, hata kama kuzunguka kulimla saa nzima. Alitembea mnyama akiinamisha kichwa kula, akasimama kinapoinuka. Aliweka unyayo kwa ukingo wa nje kwanza ili jani kavu lisilie. Alijua kisima, njia ya kwenda kisimani, na saa ya kila mnyama kupita. Hakupiga jike lenye mimba wala mtoto, na leo sheria inasema hivyohivyo. Na mara nyingi, baada ya kufika hatua 60 na kuona mnyama amegeuka vibaya, aliishusha bunduki akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyemcheka. Risasi iliyopotea ilikuwa gharama. Mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufa mbali ilikuwa aibu.

Ukifyatua, moshi mweupe utafunika kila kitu mbele yako. Usikimbie ndani yake. Simama, sikiliza mnyama anakimbilia wapi, kisha pakia tena kabla ya kusogea, mtutu ukiwa mbali na uso wako. Baruti kwanza, kitambaa, risasi, mdeki hadi mwisho, na fataki ya mwisho kabisa. Anayeweka fataki mapema amegeuza kazi ya kushindilia kuwa mtego wa mkono wake mwenyewe. Ndipo ufuate damu, polepole, hadi umpate. Aliyejeruhiwa ni wako hadi mwisho.

Jioni hiyohiyo, kabla ya nyama kuiva, osha mtutu kwa maji ya moto yenye sabuni hadi yatoke meupe, ukaushe, uupake mafuta. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na hewa ya Dar es Salaam ina chumvi. Gobori lililolala chafu usiku mmoja huamka na kutu.

Kwa ambaye gobori lake halitalia

Wasomaji wengi wa sura hii watafika mahali ambapo jibu ni hapana. Mtutu ni wa bomba, au leseni haikutoka, au TAWA imekataa silaha ya namna ile. Nawaambia bila kusitasita: msilirudishe juu ya boriti. Gobori lisiloandikwa litarithiwa na mwanao akiwa hajui kilichomo ndani, au litaazimwa na mtu mwenye nia yake. Lisalimisheni. Kama lina muhuri wa kiwanda au lina hadithi ya Majimaji katika ukoo, waambieni polisi na Makumbusho ya Taifa kabla halijaharibiwa. Songea kuna makumbusho ya vita hivyo, na kitu chenye hadithi iliyoandikwa kina thamani kuliko chuma kitupu.

Kisha fanyeni jambo moja ambalo halihitaji leseni. Wazee waliowinda kwa gobori wanapungua kila mwaka. Nenda Nachingwea au Liwale, kaa na mzee mmoja, uandike au urekodi anavyousoma upepo, majina anayoyaita majani, nyayo anazozitofautisha, na wanyama aliokataa kuwapiga na kwa nini. Anayetaka kuwinda kwa bunduki ya kisasa yenye leseni atahitaji elimu hiyo. Anayetaka kuwa askari wa wanyamapori ataihitaji, na anayewaongoza watalii ndani ya Hifadhi ya Nyerere ataihitaji pia. Babu alifanya kazi yake yote kabla ya mlio, na kazi hiyo inaweza kurithiwa nzima, bila gramu moja ya baruti. Ombeni kuifundishwa sasa, wakati mwalimu bado yupo.